Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao lazima kuwepo

WAPO wanaopima ukubwa wa mchezaji wa kikapu kwa swali moja tu: kacheza NBA? Kama jibu ni hapana, mjadala umekwisha, stori inahamia kwa mwingine. Kwa kipimo hicho June Mar Fajardo, senta wa San Miguel Beermen ya Ufilipino, hana lolote. Hajawahi kucheza hata dakika moja kwenye ligi hiyo ya Marekani, na kwa kuwa ameshavuka miaka 35, hatacheza tena.

Ila nyumbani kwao jamaa ana tuzo tisa za Mchezaji Bora wa Msimu. Siyo mchezaji bora wa mwezi, wala wa mechi. Ni misimu tisa mizima ambayo ligi ya kulipwa ya nchi yake, PBA, ilikaa chini, ikahesabu, ikamkuta yeye juu ya wote. Kabla yake rekodi ilikuwa tuzo nne, na walioishika ni wawili tu: Ramon Fernandez, mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika historia ya ligi hiyo, na Alvin Patrimonio. Watu hao wawili wakijumlishwa pamoja wana nane. Fajardo peke yake anawazidi.

Sasa mtu wa namna hii anawekwa wapi? Ni mfalme wa kweli, au ni chongo kwenye nchi ya vipofu? Swali hilo linaulizwa Manila kila msimu, na linastahili kujibiwa, kwa sababu jibu lake linagusa kila nchi ambayo haina NBA lakini ina vijana warefu. Tanzania imo.

Nchi ya wafupi wanaopenda mchezo wa warefu

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, na kikapu ndiyo mchezo wake namba moja. Ringi zimetundikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye minazi, hata kando ya barabara. PBA ilianza mwaka 1975, na ndiyo ligi ya kwanza ya kikapu ya kulipwa barani Asia. Timu zake hazibebi majina ya miji. Zinabeba majina ya kampuni na bidhaa: bia, jini, rangi za nyumba, simu, umeme. Mtu anayeshabikia Ginebra anashabikia jina la kinywaji, na anaweza kugombana na shemeji yake kwa ajili hiyo.

Mapenzi hayo yana historia. Mwaka 1954, katika mashindano ya dunia ya Rio de Janeiro, Ufilipino ilishika nafasi ya tatu. Hakuna nchi nyingine ya Asia iliyowahi kufika hapo. Nguzo ya timu ile alikuwa Carlos Loyzaga, aliyecheza chini ya kikapu akiwa na urefu wa takriban mita 1.91. Wakati ule huyo alikuwa mrefu. Leo mtu wa urefu huo ndiye anayepiga chenga na kupandisha mpira.

Hapo ndipo mzigo ulipo. Dunia ilirefuka, Wafilipino wengi wakabaki pale pale. Kwa miaka mingi nchi hiyo imekuwa ikitoa walinzi wepesi, wenye chenga za kuumiza macho, halafu inaliwa chini ya kikapu. Kwa hiyo alipotokea kijana wa mita 2.08 kutoka mkoa wa Cebu, asiyekuwa na mzazi Mmarekani wala hati ya kuomba uraia, macho yote yalimgeukia. San Miguel, wakati huo ikiitwa Petron, ilimchagua wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2012.

Vyaelea, vimeundwa

Ambacho wengi wanakisahau ni kwamba msimu wake wa kwanza hakuwa tishio. Tuzo ya mchezaji chipukizi wa msimu ule ilikwenda kwa Calvin Abueva wa Alaska, aliyechaguliwa wa pili nyuma yake. Fajardo alikuwa mzito, mpole, anachelewa kugeuka, na mashabiki wakaanza kunong'ona kwamba klabu imenunua urefu mtupu.

Klabu haikumtupa. Ilimkabidhi kwa mkongwe, Danny Ildefonso, senta ambaye naye alikuwa na tuzo mbili za Mchezaji Bora, za mwaka 2000 na 2001. Mzee akamchukua mdogo wake, akamfundisha ufundi wa kazi: namna ya kumweka mtu mgongoni, namna ya kuomba mpira kabla beki hajapata nafasi, mguu upi utangulie wakati wa kugeuka. Hakumfundisha kuruka, maana Fajardo si mrukaji mpaka leo. Alimfundisha kusimama mahali panapotakiwa kabla mwingine hajafika.

Mtazame anavyocheza. Hana mbwembwe. Anakimbia hadi chini ya kikapu, anajibana kwenye nafasi yake kama mtu aliyewahi kiti kwenye daladala, anapokea, anageuka, anaachia mpira kwa mkono laini. Wakimkaba wawili, anautoa kwa mpigaji aliye wazi. Wakirudi nyuma, anafunga. Mpira ukigonga ringi, yeye ndiye yuko karibu. Ni kazi ya fundi seremala, haichoshi kwa sababu kila ubao unakaa mahali pake.

Msimu wake wa pili, 2013-14, akachukua tuzo ya kwanza. Akaendelea kuichukua hadi zikatimia sita mfululizo. Pamoja naye San Miguel ilibeba Kombe la Ufilipino mara tano mfululizo, kuanzia msimu wa 2014-15 hadi 2019. Kombe hilo ndilo linaloheshimika kuliko mengine mawili ya msimu, kwa sababu moja: mapro wa kigeni hawaruhusiwi. Ni wenyeji kwa wenyeji.

Mguu uliovunjika na jibu lake

Ubora wa mchezaji mara nyingine unaonekana vizuri zaidi asipokuwepo. Mwanzoni mwa 2016 Fajardo aliumia goti katika nusu fainali dhidi ya Rain or Shine. Fainali ikaanza bila yeye na Alaska ikashinda mechi tatu za kwanza. Mfululizo ni wa mechi saba, anayefikisha nne ndiye bingwa. Watu wakaanza kukunja virago. San Miguel ikajikongoja ikaipata mechi ya nne kwenye muda wa nyongeza. Mechi ya tano mtu mrefu akarudi. Ikapatikana hiyo, ikapatikana ya sita, na Februari 3 ikapatikana ya saba. Hakuna timu nyingine iliyowahi kutoka 0-3 na kubeba ubingwa katika fainali ya PBA, na hata NBA haijatokea. Wafilipino, kwa kuwa timu ni ya bia, wakauita muujiza wa bia.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja Februari 2020. Akiwa mazoezini alivunjika mfupa wa muundi wa mguu. Msimu huo, uliochezwa kwa kujifungia kule Clark bila mashabiki kwa sababu ya Korona, hakugusa mpira hata mechi moja. San Miguel ikatolewa na Meralco robo fainali, na ufalme wa miaka mitano ukaishia hapo. Kabla hajarudi uwanjani akafiwa na mama yake. Kwa senta wa kilo nyingi aliyekuwa ameshapita miaka 30, mguu uliovunjika mara nyingi ndiyo mwisho wa habari. Wapo waliomwandikia tanzia ya kisoka.

Alirudi 2021 akiwa mzito zaidi na mwenye tahadhari. Mwaka 2022 San Miguel ikaifunga TNT katika mechi saba, ikachukua tena Kombe la Ufilipino, na yeye akawa mchezaji bora wa fainali. Tuzo ya saba ikafuata, kisha ya nane, kisha ya tisa. Hizo tatu za mwisho ndizo zinazofunga mjadala wa kwamba anabebwa na urefu. Urefu alikuwa nao tangu shuleni. Zilizomrudisha ni kichwa na nidhamu.

Wanaombeza wana hoja

Hata hivyo, haki itendeke pande zote. Wanaombeza hawasemi upuuzi mtupu. Hoja yao ni kwamba PBA ni bwawa dogo. Katika Kombe la Ufilipino, ambako wageni hawamo, ni nani wa mita 2.08 wa kumzuia? Na timu ya taifa ikitoka nje, mbona mambo hubadilika?

Takwimu zipo. Kombe la Dunia 2019 China, Fajardo akiwemo, Ufilipino ilipoteza mechi zote tano, ikiwemo kipigo cha 126-67 kutoka kwa Serbia. Mwaka 2023 ilikuwa mwenyeji, watu 38,115 wakajaa kwenye mechi ya ufunguzi dhidi ya Jamhuri ya Dominika, rekodi ya mashindano hayo, lakini ushindi ukapatikana mmoja tu, 96-75 dhidi ya China. Angola iliwafunga 80-70. Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011 tu, iliwafunga 87-68 mbele ya watu wao.

Lakini takwimu hizo hizo zina upande wa pili. Septemba 2014 mjini Seville, Hispania, Ufilipino ilicheza na Senegal yenye Gorgui Dieng, senta wa NBA. Nyota wao aliyepewa uraia, Mmarekani Andray Blatche, akatolewa kwa faulo. Aliyebaki chini ya kikapu katika muda wa nyongeza ni Fajardo. Mechi ikaisha 81-79 na Ufilipino ikapata ushindi wa kwanza wa Kombe la Dunia baada ya miaka 40. Mwaka 2023 alikuwa kwenye kikosi kilichochukua dhahabu ya Michezo ya Asia kule Hangzhou, baada ya kuitoa China kwa 77-76 na kuifunga Jordan 70-60 kwenye fainali. Dhahabu hiyo Wafilipino walikuwa wameisubiri tangu 1962. Mwaka uliofuata, Riga, alikuwepo walipoifunga Latvia 89-80 nyumbani kwake.

Kwa hiyo jibu la haki ni hili: Fajardo si mtu wa kuitisha Serbia peke yake. Ila ni mtu ambaye bila yeye Ufilipino isingekuwa na cha kumpa mkono mchezaji wake wa kupewa uraia anapotoka. Shirikisho la dunia linaruhusu mmoja tu wa aina hiyo kwa kila timu. Huyo akipata faulo tano, taifa linabaki na watoto wake wa kuzaliwa. Watoto hao hukuzwa wapi? Kwenye hilo hilo bwawa dogo linalobezwa.

Kivuli chake kisifunike nyufa

Panapotakiwa ukali si kwa Fajardo, ni kwa ligi yake. Tuzo tisa ni sifa ya mtu, lakini pia ni kengele. Kama mtu wa miaka 35 bado anawazidi vijana wote wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, basi swali liende kwa wanaotengeneza vijana hao.

Shirika la San Miguel linamiliki timu tatu kwenye ligi moja: Beermen, Ginebra na Magnolia. Kundi jingine la kampuni lina TNT, Meralco na NLEX. Timu sita kati ya 12 ziko mifukoni mwa mabwana wawili. Mwaka 2017, San Miguel ikiwa tayari na Fajardo mwenye tuzo nne, Kia iliyokuwa mkiani ikawauzia nafasi yake ya kwanza ya drafti kwa wachezaji wa akiba watatu na nafasi ya baadaye. Aliyechaguliwa kwa nafasi hiyo ni Christian Standhardinger, mchezaji mwingine wa chini ya kikapu. Yaani mwenye ng'ombe mia akaongezewa ndama wa maskini. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kamishna wa ligi aliyeubariki mpango huo, Chito Narvasa, aliishia kuachia kiti.

Ligi ya namna hiyo inajikata miguu yenyewe. Drafti iliwekwa ili aliye chini apande. Aliye juu akiruhusiwa kununua ngazi pia, shabiki wa timu ndogo anakata tamaa, na kijana mwenye kipaji anatafuta mlango wa kutokea. Ndivyo ilivyo sasa: nyota kadhaa wa Kifilipino wamehamia Japani, wanakolipwa vizuri. Kai Sotto, kijana wa takriban mita 2.20 aliyetarajiwa kumrithi Fajardo, hajawahi kucheza PBA. Alipitia Australia, akaenda Japani, akapata jeraha baya la goti. Hakuna wa kumlaumu kwa kutoka. Ila ligi inayotegemea kumuona Fajardo akibeba tuzo ya kumi badala ya kuhangaikia mrithi wake inakula mbegu.

Somo la huku

Msomaji anaweza kuuliza, haya yanamhusu nini mtu wa Dar es Salaam? Yanamhusu sana. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar mwenye urefu wa takriban mita 2.21, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA na Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko na heshima hiyo haifutiki. Alikuwa na miaka 22. Fajardo alipoingia PBA mwaka 2012 naye alikuwa na miaka 22. Wote walianza wakiwa hawajaiva.

Tofauti ni kilichofuata. Fajardo alipewa mkongwe wa kumshika mkono, dakika za kukosea, na misimu miwili ya kujipata. Hasheem alirushwa kwenye ligi ngumu kuliko zote duniani akiwa na miaka michache tu tangu aushike mpira wa kikapu, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Februari 2010, tayari alikuwa ameshushwa ligi ya chini. Kufikia 2014 NBA ilikuwa imemalizana naye. Watu wakacheka, wakasema mrefu bure. Hakuna aliyeuliza: kama angekuwa na ligi ya nyumbani ya kumlea miaka minne kabla ya kupanda ndege, ingekuwaje?

Hapa si suala la kumwambia kijana abaki nyumbani. Mwenye nafasi ya kwenda aende, tena haraka. Sudan Kusini imejengwa na vijana waliotawanyika duniani, na Khaman Maluach, aliyeujulia mchezo huo Uganda akiwa mtoto wa wakimbizi, alikuwemo kwenye kikosi kile cha Manila akiwa na miaka 16. Mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi kwenye drafti ya NBA. Lakini hata yeye alipitia kwenye Ligi ya Kikapu ya Afrika, iliyoanza Kigali mwaka 2021, ndipo akavuka bahari. Mti haurefuki bila pa kusimamia.

Kwa hiyo kipimo cha shirikisho lolote la ukanda huu kisiwe limepeleka wangapi Marekani. Kiwe hiki: kijana wa miaka 17 mwenye mita mbili na zaidi, wa Mwanza, Kisumu au Bukavu, ana mechi ngapi za uhakika kwa mwaka? Ana kocha anayejua kazi ya senta, au kila siku anaambiwa tu aruke? Ratiba ikipangwa, inafuatwa, au ligi inasimama kwa sababu ya ukata na kurudi miezi kadhaa baadaye? Senta hachipui kama uyoga. Ni mchezaji anayechelewa kuiva kuliko wote uwanjani, na anayechelewa kuiva anahitaji ligi isiyokatika.

Wakongwe nao watafutwe. Ildefonso hakuhitaji jengo la kisasa kumfundisha Fajardo namna ya kugeuka. Alihitaji ringi, mpira na kijana anayesikiliza. Wazee wa kikapu waliocheza chini ya ringi wapo katika kila mji mkubwa wa Afrika Mashariki, wengi wao wanaangalia mechi wakiwa jukwaani. Kuwaita haigharimu mabilioni.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Fajardo amecheza kwao na ametunzwa mara tisa, kwa sababu kwao palikuwa na ligi ya kumsubiri wakati bado ni mzito na watu wananong'ona. Anayembeza kwamba hakufika NBA angeanza kwa kuhesabu ni nchi ngapi zingeweza kumvumilia msimu ule wa kwanza, zikampa wa pili.